Kulainisha Maji ya Kisima Bila Kuitia Ardhi Chumvi

Novemba 2008 wapiga kura wa Bonde la Santa Clarita, kaskazini mwa Los Angeles, California, walitakiwa waamue jambo ambalo ni nadra kupelekwa kwenye sanduku la kura: je, kila nyumba yenye mashine ya kulainisha maji inayojiosha kwa chumvi ilazimishwe kuing'oa? Wengi wakasema ndiyo. Kufunga mashine mpya kulikuwa marufuku tangu 2003; safari hii zikafuata zile za zamani.

Sababu ilikuwa mto. Chumvi ya mashine hizo ilishuka na maji taka, ikapita kwenye mitambo ya kusafishia bila kupungua, kisha ikaingia Mto Santa Clara. Huko chini, katika Kaunti ya Ventura, maji ya mto huo hunywesha mashamba ya maparachichi na stroberi, mazao yasiyovumilia kloraidi. Kikomo kilichowekwa kwa sehemu hiyo ya mto ni miligramu 100 za kloraidi kwa lita. Kujenga mtambo wa kuitoa chumvi yote hiyo kungewagharimu wakazi fedha nyingi sana, na kung'oa mashine kulikuwa rahisi zaidi.

Kwa mwenye nyumba wa Kigamboni, Nyali au Bububu, kwenye pwani ya Afrika Mashariki, mambo ni mazito kuliko hayo. Nyumba nyingi za huku hazijaunganishwa na mfumo wa maji taka. Maji machafu huingia kwenye karo, yakatoka kwenda kwenye shimo la kunyonya, na hatua chache kutoka hapo ndipo kilipo kisima. Chumvi inayomwagwa haimfikii mkulima wa mbali. Inashuka kwenye mwamba uleule ambamo pampu inavuta maji, ya mwenye nyumba na ya jirani zake.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kujua kama maji yako kweli ni magumu, ni maji gani hasa yanahitaji kulainishwa, na njia za kufanya hivyo kwa chumvi kidogo kabisa, au bila chumvi.

Kinachotokea ndani ya mashine

Mvua inapopenya udongoni hubeba hewa ya kaboni dioksidi na kuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo huyeyusha chokaa. Pwani ya Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Ndiyo maana maji ya visima vyake huja yamejaa kalsiamu, na magnesiamu kiasi. Hayo ndiyo maji magumu. Sabuni inakataa kutoa povu, shati jeupe linafifia, jagi la umeme linaota magamba meupe, na matundu ya bomba la mvua bafuni yanaziba moja moja.

Mashine ya kawaida ya kulainisha ina tangi lenye shanga ndogo za plastiki ziitwazo rezini, zilizoshika sodiamu. Rezini hufanya kazi kama duka la kubadilisha fedha: chembe moja ya kalsiamu ikiingia, mbili za sodiamu hutoka. Shanga zikishajaa kalsiamu, mashine huziosha kwa maji ya chumvi kali kutoka kwenye pipa la pembeni. Sodiamu hurudi kwenye shanga. Kalsiamu, pamoja na kloraidi yote ya ile chumvi na sodiamu iliyozidi, hutoka kwa bomba la nyuma kwenda kwenye maji machafu.

Kwa hiyo chumvi hutoka nyumbani kwa njia mbili. Sodiamu hupita kwenye koki zako, na kloraidi hupita nyuma ya mashine. Karo haliizuii, na bakteria hawaili. Ikishaingia kwenye maji ya ardhini, kinachoweza kuipunguza ni maji mengine matamu tu, na pwani hayo ni haba.

Hesabu ya nyumba moja

Chukua familia ya watu watano inayotumia lita 500 kwa siku, na kisima chenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita.

Kila siku maji hayo hubeba gramu 150 za ugumu. Mashine iliyopangwa vizuri hutumia takriban gramu 260 za chumvi kuushughulikia. Kwa mwaka ni kilo 95, karibu mifuko minne ya kilo 25. Mashine hiyohiyo, fundi akiipanga kwa kipimo kikubwa cha chumvi, itakula kilo 190 kwa kazi ileile.

Katika hizo kilo 95, kilo 58 hivi ni kloraidi. Marekani imeweka miligramu 230 kwa lita kuwa kiwango ambacho viumbe wa maji baridi hawapaswi kuishi nacho kwa muda mrefu. Kilo 58 zinatosha kufikisha kiwango hicho katika lita 250,000 za maji matamu, yaani matangi 25 ya lita 10,000, kila mwaka, kutoka nyumba moja. Kijiko kimoja tu cha chai kilichojaa chumvi kinatosha kwa ndoo moja ya lita 20.

Kuna pia maji yenyewe. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kwamba mashine ya aina hii inaweza kutumia hadi galoni 10,000 kwa mwaka, karibu lita 38,000, kujiosha tu.

Lakini usikimbilie kuona kwamba kuyaacha maji magumu hakuna madhara. Maji magumu hula sabuni zaidi, na sabuni hiyo huishia kwenye shimo lilelile. Huua vifaa kabla ya wakati. Utafiti wa taasisi ya Battelle ya Marekani wa mwaka 2009, uliogharamiwa na chama cha wafanyabiashara wa mashine hizi, ulionyesha kwamba hita za gesi hupoteza ufanisi magamba yakijaa. Zile za umeme zenye tangi hazikupoteza, kwa kuwa koili imezama ndani ya maji yenyewe. Koili huharibika mapema tu. Hita inayotupwa kila baada ya miaka michache nayo ni uharibifu wa mazingira. Shabaha, basi, ni kulainisha yale maji machache yanayoleta hasara na kuyaacha mengine yote kama yalivyo.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kununua

Watu wengi hununua mashine kwa sababu maji "yana chumvi". Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa maana maji ya chumvi na maji magumu ni mambo mawili. Visima vingi vya pwani vina yote mawili, vingine vina moja.

1. Tafuta chupa mbili za plastiki za nusu lita, safi na zinazoonyesha ndani. Jaza moja nusu kwa maji ya kisima, nyingine nusu kwa maji ya mvua.

2. Kwaruza sabuni ya mche upate vipande vya ukubwa wa punje ya mchele. Usitumie sabuni ya unga, maana imetengenezwa ili itoe povu hata kwenye maji magumu, na itakudanganya.

3. Tia vipande viwili katika kila chupa, funga, tikisa kwa nguvu nusu dakika. Maji ya mvua yatatoa povu zito linalokaa. Maji magumu yatageuka rangi ya maziwa, povu litakufa, na utando wa kijivu utashika ukuta wa chupa. Ongeza vipande kimoja kimoja hadi povu likae, ukihesabu. Kadiri vinavyoongezeka ndivyo ugumu ulivyo mkubwa.

4. Chemsha lita moja ya maji ya kisima kwa dakika kumi, acha ipoe, chuja kwa kitambaa, kisha rudia jaribio. Povu likija kwa urahisi zaidi, sehemu kubwa ya ugumu ni ule unaoanguka kwa kuchemsha, jambo la kawaida kwa maji ya matumbawe. Maana yake ni kwamba maji ya kunywa unayochemsha kila siku tayari yanalainika sufuriani. Hayahitaji mashine.

5. Ili upate namba, nunua karatasi za kupimia ugumu kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea, au peleka sampuli maabara. Tanzania, Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Omba wapime ugumu wa jumla, kloraidi, sodiamu, chuma na floraidi.

Namba zisome hivi: chini ya miligramu 60 kwa lita maji ni laini, 60 hadi 120 ni ya wastani, 120 hadi 180 ni magumu, zaidi ya 180 ni magumu sana. Chini ya 120 hakuna haja ya mashine ya chumvi katika nyumba ya kuishi.

> TAHADHARI: Mashine ya kulainisha haifanyi haya
>
> Haitoi ladha ya chumvi. Kisima kilichoingiliwa na bahari kitabaki na chumvi yake, na mashine itakiongezea sodiamu.
>
> Haitoi floraidi. Anayeishi Arusha au kwenye miteremko ya Meru anahitaji njia nyingine kabisa, mfano chujio la mkaa wa mifupa lililofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto.
>
> Haiui vijidudu. Maji yaendelee kuchemshwa au kutiwa dawa.
>
> Kile kipimo kidogo cha mkononi cha TDS, ambacho wauzaji hupenda kukichovya mbele ya mteja, hakipimi ugumu. Kinapima chumvichumvi zote kwa pamoja. Maji yaliyolainishwa vizuri huonyesha namba ileile, au kubwa kidogo.

Sehemu nyingine hazina tatizo la ugumu. Visima virefu vya Nairobi, kwenye miamba ya volkano, kwa kawaida hutoa maji laini yenye floraidi nyingi. Mashine ya kulainisha huko ni fedha iliyotupwa. Walioko Maskati, Oman, ambako maji mengi ya bomba hutokana na bahari iliyotolewa chumvi, nao wapime kwanza. Na Dar es Salaam, nyumba yenye bomba la mamlaka ya maji ya DAWASA na kisima kwa pamoja ipime yote mawili: maji ya bomba yatokayo Mto Ruvu na maji ya kisima cha matumbawe si mamoja, na huenda dawa ya hita yako ni kuiunganisha na bomba la DAWASA badala ya kisima.

Hatua ya pili: gawa maji kwa kazi zake

Tembea ndani ya nyumba, koki moja baada ya nyingine, ukijiuliza kila moja inapoteza nini kwa ugumu.

Choo hakipotezi kitu. Bustani inafaidika, kama utakavyoona hapa chini. Kudeki, kuosha gari na kuogea maji baridi havidai maji laini. Maji ya kunywa na kupikia ni afadhali yabaki na kalsiamu yake: kulainisha maji ya miligramu 300 huongeza sodiamu ya miligramu 138 hivi katika kila lita, na anayekunywa lita mbili ameshachukua miligramu 276 kati ya 2,000 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizipite kwa siku. Kwa mwenye shinikizo la damu, na kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, hilo si dogo.

Yanabaki maji ya hita na ya kufulia. Hayo, kwa familia yetu ya mfano, yanaweza kuwa lita 100 kati ya 500. Ukilainisha hayo tu, kilo 95 za chumvi zinashuka hadi 19. Na yenyewe yana njia za kulainika bila mashine.

Maji ya mvua, kwanza kabisa

Mvua haina ugumu. Hakuna njia ya kulainisha maji inayoikaribia kwa usafi wake kwa mazingira, na inashangaza kuona nyumba yenye kisima kigumu ikiacha mvua yote ya masika ikimwagika barabarani.

Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka. Paa la bati la mita za mraba 50, hata ukipoteza moja ya tano, litakupa lita 44,000. Lita 100 kwa siku za hita na kufulia ni 36,500 kwa mwaka. Mvua inatosha, kinachosumbua ni pa kuihifadhi. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwisho wa Mei litakupeleka siku 50, na kiangazi ni kirefu kuliko hapo. Kwa hiyo panga kuchanganya: nusu maji ya mvua, nusu ya kisima, na ugumu wa 300 unakuwa 150. Siku 50 zinakuwa 100.

1. Kagua paa. Bati safi na vigae vinafaa. Paa la zamani la asbesto, au lenye rangi inayobanduka, usilivune.

2. Funga mifereji yenye mwinuko mdogo kuelekea kwenye tangi, na wavu mdomoni wa kuzuia majani.

3. Weka bomba la kutupa maji ya kwanza: bomba la wima lililozibwa chini kwa kifuniko cha kufungua, linalojaa kabla maji hayajafika tangini. Kwa paa la mita za mraba 50, lita 25 ni za chini kabisa kutupa, hasa mvua ya kwanza ya vuli baada ya miezi ya vumbi.

4. Funika tangi na ziba kila tundu kwa wavu wa mbu. Tangi wazi ni kiwanda cha mbu.

5. Mwambie fundi bomba aunganishe tangi hilo na hita pamoja na koki ya kufulia, na aweke koki ya kuchagua kati ya mvua na kisima. Mabomba yasikutane bila vali ya kuzuia maji kurudi nyuma.

Kufua: magadi soda badala ya mashine

Magadi soda ya kufulia, ile inayouzwa kwa watengeneza sabuni, hushika kalsiamu na kuiangusha chini kama unga mweupe. Kwa ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa 300, kijiko cha chai kilichojaa vizuri kinatosha. Koroga, subiri dakika kumi hadi kumi na tano, ndipo utie sabuni. Utaona unahitaji kidogo. Magadi haya karibu hayana kloraidi. Sodiamu ipo, kwa hiyo maji ya kufulia yasiende bustanini.

Vaa glavu, na usitumie kwenye vyombo vya alumini, sufu wala hariri. Magadi haya si baking soda ya jikoni. Usiyatumie wala usitumie magadi ya mawe kulainisha maji ya kunywa: magadi yatokayo kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron na Magadi, mara nyingi yana floraidi nyingi.

Jagi, hita na bomba la mvua: ondoa magamba yakiwa machanga

Hapa pwani dawa iko kwenye kabati la jikoni: ndimu ya unga, ile inayotiwa kwenye urojo. Tia kijiko kimoja cha chakula kwenye lita moja ya maji ndani ya jagi, chemsha, zima umeme, acha dakika ishirini. Utasikia magamba yakichemka kwa sauti ndogo huku mapovu yakipanda kutoka chini. Hiyo ni chokaa inayeyuka na kutoa hewa. Mwaga, suuza mara mbili. Ikiwa chini bado kuna weupe, rudia. Usikwangue kwa kisu.

Bomba la mvua lifungie mfuko wenye mchanganyiko huohuo, lilale humo usiku kucha. Siki nyeupe nayo inafanya kazi, polepole zaidi.

Kwa hita ya tangi, mambo mawili yanasaidia kuliko dawa yoyote. La kwanza ni joto: magamba hujengeka upesi zaidi kadiri maji yanavyozidi kuwa moto, kwa hiyo weka kipimo kwenye nyuzi 60, isiwe 75 kama wengi walivyoachiwa na fundi. Usishuke chini ya 60 kwa maji yanayokaa tangini, maana bakteria hatari hustawi kwenye uvuguvugu. La pili ni kumwaga matope ya chini ya tangi mara mbili kwa mwaka: zima umeme kwenye swichi kuu, funga maji yanayoingia, acha yapoe, kisha mwaga.

> HATARI: Usichanganye kamwe ndimu ya unga au siki na dawa ya klorini ya kutoa madoa. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kukuua.

Ukilazimika kuwa na mashine

Nyumba ya wageni, zahanati au familia kubwa yenye kisima cha 400 huenda isiwe na njia nyingine. Basi fuata mpangilio huu.

1. Anza na mwisho wa bomba. Muulize fundi maji ya kuoshea rezini yatakwenda wapi. Kama kuna mfumo wa maji taka wa mji, omba ruhusa ya mamlaka. Kama kuna karo na shimo tu, fahamu kwamba hakuna mahali pazuri pa kuyamwaga. Kuchimba shimo la pembeni kunahamisha chumvi mita kumi tu. Kisima kikiwa karibu, acha mpango huu urudi kwenye mvua.

2. Fikiria kifaa kisichotumia chumvi. Kuna aina inayogeuza kalsiamu kuwa vijichembe vinavyopita bila kushika mabomba. Maji yanabaki magumu kwa sabuni, lakini hita inapona, na hakuna cha kumwaga. Sumaku zinazofungwa juu ya bomba ni jambo jingine: matokeo ya majaribio yake yanapingana, usizilipie bila udhamini wa maandishi. Vichujio vya fosfati vinalinda hita, lakini fosfati ikifika kwenye mto au ziwa hurutubisha mwani.

3. Kama ni ya chumvi, chagua inayojiosha kwa kuhesabu lita zilizopita. Ile ya saa hujiosha hata mkiwa mmesafiri wiki nzima.

4. Ifunge kwenye njia ya hita na mashine ya kufulia peke yake. Koki ya jikoni, choo na bustani vibaki na maji ya kisima.

5. Weka namba halisi ya ugumu. Mashine nyingi za Ulaya hutumia digrii za Kijerumani, ambapo digrii moja ni miligramu 17.8 kwa lita. Za Marekani hutumia grani kwa galoni, ambapo moja ni 17.1. Maji ya 300 ni digrii 17 au grani 17.5. Fundi anayekisia 30 "kwa usalama" anakufanya utupe karibu nusu ya chumvi yako.

6. Punguza kipimo cha chumvi kwa kila kuosha. Hili ndilo linaloleta tofauti kubwa kuliko yote, na ni wachache wanaolijua. Gramu 100 za chumvi kwa lita ya rezini hurudisha takriban theluthi mbili ya uwezo unaopatikana kwa gramu 240. Chumvi mara mbili na nusu, kazi mara moja na nusu. Acha ijioshe mara nyingi zaidi kwa chumvi kidogo.

7. Usitafute sifuri. Fungua koki ya kuchanganya ili maji yatoke na ugumu wa 60 hadi 100. Hita itakuwa salama, na kila miligramu unayoiacha ni chumvi isiyomwagwa.

8. Tumia chumvi safi iliyosafishwa kiwandani. Chumvi ghafi ya bahari huja na tope na magnesiamu, ambayo huchosha rezini na kulazimisha kuosha zaidi. Chumvi ya potasiamu inaondoa sodiamu kwenye hesabu, lakini ni ghali, na kloraidi inabaki palepale.

Ukishafunga, andika tarehe ya kila mfuko unaoufungua. Mfuko ukianza kuisha mapema bila wageni kuongezeka, vali inavuja au mipangilio imevurugika.

Bustani iliyokwisha kumwagiwa

Kalsiamu ni rafiki wa udongo. Hushikanisha chembe za mfinyanzi katika vidonge vyenye nafasi za hewa na maji. Sodiamu hufanya kinyume: huzitawanya, zikaziba matundu, na udongo ukawa tope likinyesha, tofali likikauka. Maji magumu ya kisima, mradi hayana chumvi ya bahari, ni bora kwa mboga kuliko yaliyolainishwa.

Dalili huanza kwenye kingo za majani, zinakauka na kuwa kahawia kutoka ncha kuingia ndani. Mparachichi na maharage huonyesha mapema. Mnazi huvumilia sana, kwa hiyo usiutumie kama kipimo. Ili kuthibitisha, weka donge dogo la udongo mkavu kwenye glasi ya maji ya mvua bila kulitikisa, uliache saa mbili. Likibomoka tu na maji yakabaki maangavu, udongo uko salama. Wingu la maziwa likianza kusambaa kutoka pembeni mwa donge, sodiamu imezidi.

Kwa udongo wa mfinyanzi, acha kumwagilia maji laini, kisha nyunyiza jasi nusu kilo hadi kilo moja kwa kila mita ya mraba, uichanganye juujuu kabla ya masika. Jasi, kama ile inayochimbwa Makanya wilayani Same, ina kalsiamu. Inaisukuma sodiamu na mvua inaishusha. Pale penye kichanga au matumbawe jasi haina kazi kubwa, kwa kuwa chumvi ilishapita kwenda kisimani.

Kabla hujalipa, hakikisha

☐ Nina namba ya ugumu kutoka maabara au karatasi za kupimia, si kipimo cha TDS cha muuzaji.
☐ Najua kloraidi ya kisima changu leo.
☐ Nimelinganisha maji ya kisima na ya bomba la mji.
☐ Nimehesabu paa langu linaweza kunipa lita ngapi.
☐ Nimeorodhesha koki zinazohitaji maji laini, na fundi amekubali kuzitenga.
☐ Nimeonyeshwa kwa mkono maji ya kuoshea yanamwagika wapi.
☐ Muuzaji ameandika gramu za chumvi kwa kila kuosha na lita za maji zinazotumika.
☐ Fundi amenifundisha kubadili mipangilio mwenyewe.

Baada ya hapo, pima kloraidi ya kisima mara moja kila mwaka, mwisho wa kiangazi kabla mvua hazijaanza, kwa sababu ndipo maji ya ardhini yanapokuwa machache na chumvi inapoonekana wazi. Chukua sampuli baada ya pampu kufanya kazi angalau robo saa, na andika namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Ikipanda miaka miwili mfululizo, zima mashine kwanza, ndipo utafute kama chanzo ni shimo lako, la jirani, au bahari inayovutwa na visima vingi. Shirikiana na majirani katika kipimo hicho. Mwamba wa chini mnaugawana nyote.